Mfungwa akitoroka, tulaumu ukuta?

Wakuu, jana kwenye daladala ya Gongo la Mboto abiria mmoja kasema wafungwa wasitolewe kabisa kufanya kazi nje, maana huko ndiko wanakotorokea. Gari zima likamuunga mkono. Mimi napinga. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa wengi wanaotoroka hawachimbi handaki wala kuruka ukuta: wanakuwa sehemu zenye ulinzi mdogo, wanaondoka zao kwa miguu, na wengi hukamatwa. Wanaoumiza watu njiani ni wachache. Sasa kuwafungia wote nyuma ya ukuta kwa ajili ya hao wachache, kuna haja gani?

MAMA ZUHURA, UKONGA: Mwanangu, Marekani waache huko huko. Mimi wafungwa wanapita na mafyekeo mbele ya genge langu ninapouzia, na nina mabinti wawili ndani. Huyo mmoja katika "wachache" akiingia uani kwangu, nimsomee utafiti?

AFANDE MSTAAFU: Nimesimamia kazi za nje miaka mingi. Aliyebakiza miezi miwili hakimbii. Tuliwahi kumsahau mmoja shambani, akarudi mwenyewe magharibi anagonga geti, kakasirika kakosa ugali. Wa kumwogopa ni aliyeletewa habari mbaya: mke kaondoka, mama kafariki. Asubuhi kabla ya kuhesabu vichwa nilikuwa natazama nyuso. Aliyesukuma uji pembeni, siku hiyo nilimbakiza ndani.

DOGO WA TABATA: Shikamoo afande. Ukuta peke yake haufai kitu. Gereza la Dannemora, New York, mwaka 2015: wauaji wawili walitoboa wakatoka, na aliyewaingizia misumeno ni mtumishi wa karakana ya ushonaji, kaificha kwenye nyama ya kusaga iliyogandishwa! Msako ukachukua wiki tatu. Gereza la Kamiti, Kenya, nalo, Novemba 2021, wafungwa watatu wa ugaidi waliyeyuka, wakaja kukamatwa Kitui, na askari magereza wakatiwa mbaroni. Tuanze na maslahi ya askari.

MTU WA MAHABUSU: Mnaongelea wafungwa tu. Mfungwa anajua tarehe yake ya kutoka. Mimi nilikuwa na kesi isiyo na dhamana, kila wiki mbili mahakama ya Kisutu, "upelelezi haujakamilika," narudi gereza la Segerea. Karandinga likikwama kwenye foleni ya Buguruni, unaona watu wananunua maji ya kandoro, hatua tatu tu kutoka ulipo. Sikuwahi kujaribu. Ila ile kufuli nimeipima sana kwa macho, siwadanganyi.

DOGO WA TABATA: Kaka, na ungekimbia ungeongezewa kosa la kutoroka chini ya ulinzi halali. Ujerumani kutoroka kwenyewe si kosa, unashtakiwa kwa ulichovunja au uliyempiga tu.

MAMA ZUHURA, UKONGA: Hayo ya Ujerumani sina neno. Afande, nimekuelewa, na ya uji nimeyapenda. Lakini wewe umeshastaafu baba. Hawa waliopita leo saa mbili, nani kawatazama nyuso?