Kula juu ya paa Zanzibar, ghorofani Posta, au Forodhani tu? Naombeni ushauri wa kweli

BabaWawili
Wakuu habari za jioni. Mwezi wa kumi mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa na safari hii nataka nifanye kitu, maana miaka yote tarehe ikifika tunanunua kuku wa kuchoma tunakula na watoto, basi, kesho yake kazini. Mwaka juzi alikuwa anaperuzi simu akanionesha picha ya meza imewekwa juu ya paa, bahari kwa nyuma, mshumaa umefunikwa kioo upepo usiuzime, akasema "hapa wanakaa watu wasio na haraka". Hakuomba chochote, alisema hivyo akaendelea na mambo yake, ila ile kauli nimeishika mpaka leo.

Nimeweka pembeni laki sita. Nina njia tatu kichwani. Ya kwanza ni Zanzibar, zile nyumba za kale za Mji Mkongwe zenye mgahawa juu darini, unaweka oda mapema, menyu ni moja kwa wote, kozi tano na kuendelea, mnakaa usiku mzima. Humo humo kuna boti na pa kulala. Ya pili tubaki Dar, tupande moja ya yale maghorofa marefu mjini, tule, turudi Tabata na bolti usiku ule ule. Ya tatu tuvuke Zanzibar lakini tule Forodhani, pale bustanini ufukweni kwa wauza chakula wa usiku, hela nyingine tulale hoteli nzuri.

Waliowahi kulipia hii kitu ya kishua, inalipa kweli au tunanunua picha tu?

BintiMalindi
Kaka yangu mie nimezaliwa Malindi ya huku Mji Mkongwe na bado niko hapa, nikwambie kitu ambacho watu wa Dar huwa hamkiwazi. Nyie bahari yenu iko mashariki. Ukipanda ghorofa Posta jioni ukaangalia bahari, jua liko mgongoni kwako, linazama huko upande wa Magomeni. Mandhari ya bandari na Kigamboni ni mazuri, sikatai, ila machweo baharini hupati. Mji Mkongwe umekaa magharibi ya kisiwa kwa hiyo jua linaingia majini mbele ya macho yako na majahazi yanapita katikati. Kama unachotaka ni ile picha aliyokuonesha mkeo, iko huku.

Halafu kuna sauti. Ukiwa darini wakati wa magharibi adhana zinaanza msikiti mmoja, wa pili unaitikia, wa tatu, mpaka mji mzima, na unaona minara ya kanisa la Mtakatifu Joseph na paa la hekalu la Wahindu kwa wakati mmoja. Hakuna mtu anayeongea wakati ule hata wageni. Bibi zetu walikuwa wanapanda darini kupunga upepo na kuanika nguo, hii ya kuweka meza na chakula cha mpango aliyeieneza sana ni yule Mmarekani Emerson Skeens aliyehamia hapa akakarabati majumba ya kale, amefariki 2014.

Sasa tahadhari. Nyumba hizi hazina lifti. Ngazi ni za mbao, nyembamba, kila kidato ni kirefu kuliko ulivyozoea na pengine unashika kamba. Mkeo asije na visigino virefu. Na kuna sehemu mnavua viatu mnakaa chini kwenye mazulia na mito, kwa hiyo nguo ya kubana itamtesa usiku kucha. Uliza kabla.

BabaWawili
BintiMalindi ubarikiwe, hilo la jua sikuwahi kulifikiria kabisa na nimeishi Dar maisha yangu yote.

DadaMhasibu
Mimi nitakuwa upande mwingine na naomba usinielewe vibaya kaka. Laki sita kwa familia ya watoto wawili si hela ndogo, kwangu mimi hiyo ni ada ya muhula mmoja ya mdogo. Sisemi usimfurahishe mkeo. Nasema kaa naye umuulize, kwa sababu mara nyingi sisi wanaume zetu wanatufanyia sapraizi halafu sisi tunakaa pale mezani tunapiga hesabu kichwani, kila sahani ikija unaiona kama mfuko wa unga na mafuta lita tano, chakula hakipiti. Mume wangu alinipeleka sehemu ya hivyo mwaka tuliopata mtoto wa pili, nilitabasamu usiku mzima na tumbo limekaza. Angeniambia mapema kwamba ile hela aliitenga kwa ajili hiyo na ada imeshalipwa ningekula kwa amani.

Na jingine, kabla hujalipa popote omba bei kamili kwa shilingi. Tangu 2025 kanuni zimekataza bei za hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mtu akikutajia dola mwambie akupe shilingi, na iwe ni ya mwisho, kodi na huduma humo humo.

WaKisauni
Hapo kwa bili ndugu yangu kaza macho. Mimi ni wa Mombasa, kazi imenileta Nairobi, na mwaka jana nilimpeleka mke wangu juu ya paa moja huku Westlands. Kenya kuna VAT asilimia 16, kuna ile ya utalii asilimia 2, na kuna sehemu zinaongeza ya huduma juu yake. Kuna menyu bei imeshajumlisha zote na kuna menyu inaandika kwa maandishi madogo kabisa chini ya ukurasa kwamba bado. Yangu ilikuwa ya maandishi madogo. Niliongezewa karibu robo ya nilichokihesabu.

Lakini bili sio iliyoniuma zaidi, ni baridi. Nairobi iko juu karibu mita 1,800, saa mbili usiku mwezi wa saba na upepo ule, tuliletewa mablanketi sawa, lakini chakula hakivai blanketi. Samaki alifika na ile siagi ya juu imeshaanza kuganda, nikaona inageuka nyeupe mbele yangu. Mke wangu akaniambia tule haraka haraka. Sasa umelipa ili usile haraka, na unakula haraka. Pwani hilo hutalipata, joto liko, ila upepo uko pale pale.

MpishiWaZamu
Nimesoma nikaona nichangie maana nimefanya kazi jikoni za hoteli miaka 11, miaka 3 ya mwisho ni kwenye jiko la mgahawa wa juu. Watu wanauliza kwa nini sahani ina kipande cha samaki kama kiganja cha mtoto halafu bei hiyo. Ngoja nieleze kwa upande wetu.

Mgahawa wa kawaida meza moja inakaliwa na watu watatu wanne tofauti kwa usiku mmoja. Hii ya menyu moja meza inauzwa mara moja tu, mkikaa saa kumi na moja jioni mpaka saa nne ni yenu. Hapo ndipo hela yako nyingi inakwenda, unakodi meza na zile saa. Pili jiko mara nyingi liko chini, chakula kinapandishwa ghorofa tatu nne kwa mikono, kila sahani ina mtu wake anayepanda na kushuka. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na saa, kutoka sufuria mpaka meza tulijipa dakika mbili, zikipita sahani inarudi. Ndiyo maana mpishi anayejua kupika kwa ajili ya juu hakupi vitu vinavyokufa kwa upepo. Anakupa pweza wa nazi kwenye kibakuli kizito kilichopashwa moto, anakupa kamba wa kuchoma, embe bichi na pilipili, barafu ya ukwaju katikati ya kozi ili kusafisha mdomo. Ukiona mgahawa wa juu unakuletea chipsi na nyama ya kukaanga kwenye sahani bapa ya baridi jua hapo unalipia lifti tu.

Ukipiga simu kuweka oda uliza hivi. Kwanza, "mvua ikinyesha mnatuweka wapi na je bei inabaki ile ile?" Wengi hawaulizi. Pili, omba meza ya ukingoni upande wa magharibi, itaje kabisa, isipotajwa wanapewa waliotaja. Tatu sema kama kuna kitu hamli, na useme siku ile ya oda, maana menyu inatoka kwenye kilichopatikana sokoni asubuhi na saa moja usiku siwezi tena kukugeuzia. Nne muziki, kama upo na ni wa aina gani.

NyotaYaAsubuhi
Hilo la mvua alilosema mpishi naunga mkono kwa machungu. Mimi na mchumba wangu tulikwenda mwezi wa nne, masika yenyewe, tulikuwa hatuna akili ya kuangalia kalenda maana ndiyo likizo iliangukia hapo. Sitataja wapi. Kozi ya pili ikanyesha ile ya kumwaga, tukashushwa kwenye korido ya chini karibu na mlango wa stoo, meza yetu ikabanwa ukutani, tukala kozi tatu zilizobaki tunaangalia mopu na ndoo. Tulipoomba tupunguziwe wakasema chakula ni kile kile. Kweli chakula kilikuwa kile kile na kilikuwa kitamu, lakini sisi hatukwenda kwa ajili ya chakula peke yake. Mwezi wa kumi vuli zinaweza kuanza, kwa hiyo nenda mwanzoni mwa mwezi.

MzeeWaMajahazi
Kijana mimi nitakutetea Forodhani kwa sababu naona inachukuliwa kama ya mnyonge. Pale tangu walipoikarabati 2009 pamekaa vizuri, jua likishuka vijana wanaruka baharini kutoka kwenye ukuta, wanakimbia wanaruka mmoja mmoja na watu wanawashangilia, baada ya magharibi taa za meza zinawaka moja moja, kuna urojo, mishkaki, pitsa ya Zanzibar inakaangwa mbele yako, juisi ya miwa imesindikwa na ndimu na tangawizi. Kwa elfu thelathini mnakula wawili mpaka mnashindwa. Vitu vya baharini chagua kwa macho, usichukue vilivyokaa mezani tangu mchana, nenda palipojaa wenyeji.

Ila nakubali hapana utulivu. Utaitwa huku na kule njoo bosi njoo bosi, paka watawazunguka miguuni, na kukaa ni kwenye ukuta au benchi la saruji. Kama mkeo alisema watu wasio na haraka basi Forodhani siyo jibu la kauli yake. Mimi na mama watoto wangu huwa tunafanya hivi, tunapanda juu kwenye hoteli inayoruhusu kuagiza kinywaji tu, tunakunywa juisi jua likizama, likishamaliza tunashuka tunakwenda kula Forodhani. Machweo huku ni mafupi, jua likigusa maji hesabu nusu saa ni giza. Baada ya hapo wa juu na wa chini wote wanaangalia taa.

MpishiWaZamu
Mzee hapo umegusa penyewe na hata mimi ningemwambia mtu mwenye laki moja na nusu afanye hivyo hivyo bila kuona aibu. Tatizo la kupanda kwa juisi ni kwamba meza za ukingoni wameshapewa wa chakula, utakaa katikati au usimame. Kwa jioni ya kawaida haina shida. Kwa miaka 10 ya ndoa mimi ningekaa ukingoni.

BintiMalindi
Na akija akala darini haimzuii kushuka Forodhani kesho yake mchana kweupe akapunga upepo na kuliona Beit al Ajaib, maskini lile jumba tangu lile baraza la mbele lianguke Disemba 2020 kila nikipita naliangalia kama mgonjwa wangu.

DadaMhasibu
BabaWawili umemuuliza lakini?

BabaWawili
Nimemuuliza dada, jana usiku. Nilitaka iwe sapraizi lakini ulichosema kuhusu kutabasamu na tumbo limekaza kilinikaa. Nimemwambia ada ya muhula ujao nimeshalipa, risiti nikamwonesha, nikamwambia hii nyingine nimeitenga tangu mwezi wa pili kidogo kidogo kwa ajili ya siku yetu, na kwamba nakumbuka ile picha. Akanyamaza kidogo akaniuliza "picha ipi?" Nikamwambia ile ya mshumaa kwenye kioo. Akainuka akaenda jikoni, akarudi na chai mbili, akasema basi tusilale Tabata usiku huo.

Leo mchana nimepiga simu nikauliza vyote. Ngazi ni nne, za mbao, kamba ipo. Mvua ikinyesha kuna sehemu ya juu yenye paa la makuti, hawashushi mtu. Meza ya ukingoni magharibi nimeandikiwa, tufike saa kumi na moja na nusu maana jua wakati ule linazama kama saa kumi na mbili na robo. Mke wangu kaa wanamdhuru, nimewaambia, wameandika. Bei nimetajiwa kwa shilingi na kila kitu kimo, tukitoa boti na chumba nabakiwa na kama elfu arobaini, hiyo ni ya mzee wa Forodhani kesho yake. Tumechagua Jumanne ya wiki ya kwanza. Watoto wanakwenda kwa bibi yao Mbagala.

BintiMalindi swali la mwisho, tukitoka saa nne usiku tukapotea vichochoroni inakuwaje?

BintiMalindi
Hupotei kaka. Tembea tu usirudi nyuma. Ukiona bahari umetokea mbele, ukiona magari na soko umetokea Darajani. Katikati hapo mkikuta wazee wamekaa barazani wanakunywa kahawa wasalimuni, muulize, na kama wamewakaribisha kaeni mnywe.