Logo zote zifanane ndo usasa? Mi nakataa, karibuni tujadili

Wakuu, jana hapa Mwanjelwa, Mbeya, tulibishana mpaka giza linaingia. Kaka mmoja wa kuchapa fleksi anasema biashara ikitaka ionekane ya kisasa itupe herufi zenye vijiguu (vile vimistari vidogo kwenye ncha za herufi), iweke fonti nyoofu isiyo navyo, mbona Google walifanya hivyo 2015. Mimi kazi yangu ni mabango na logo na hapo simuungi mkono kabisa.

Hao wakubwa wenyewe wameshajikwaa. Gap, kampuni ya nguo ya Marekani, 2010 walitupa logo yao wakaweka Helvetica, fonti nyoofu, watu wakachachamaa, kama wiki moja tu wakairudisha ya zamani. Burberry, wale wa mavazi wa Uingereza, walihamia fonti nyoofu 2018, kufika 2023 wamerudi kwenye vijiguu. Coca-Cola ule mwandiko wa kuviringa wanao tangu karne ya 19 na mtoto asiyejua kusoma anautambua kwenye kreti.

Sasa njooni huku kwetu. Mama mmoja ana duka la unga Ilomba, alikuja na logo kachorewa na kijana wake kwa Arial, nayo ni fonti nyoofu, na jina la duka linaanza na Il. Nikachapa stika ya majaribio, nikabandika ukutani nikarudi nyuma hatua kama 20 hivi, aisee I kubwa na l ndogo zimesimama vijiti viwili vinafanana kabisa, dogo wa bajaji akapita akaniuliza hiyo kumi na moja ni ya nini. Na sisi majina ya hivyo tunayo mengi, Ileje, Ilemi, Ilula kule Iringa, halafu mtu anakwambia fonti ni urembo tu! Nikambadilishia nikaweka Verdana ambayo I yake ina vikofia juu na chini, yule mama akasoma toka ng'ambo ya barabara, akacheka kwa furaha.

Na ukungu wa Uyole asubuhi mnaujua, herufi nyembamba ya kijivu inapotea kabisa, wateja wanapitiliza.

Nakubali kitu kimoja, kwenye kapicha ka WhatsApp herufi nyoofu inasomeka vizuri kuliko ya madoido, hapo kaka yuko sahihi. Ila gunia la mchele wa Kyela linatambuliwa kwa mwandiko wake likiwa limelala juu ya fuso, mteja hana muda wa kusogea karibu. Kwanini tuufute?

Wenye maduka semeni, mlipobadilisha logo wateja wa zamani waliwatambua au walipitiliza?