Bimkubwa kapimwa na mashine ya kushika mkononi, kaambiwa aache vidonge anywe mlonge. Kuna ushahidi wowote wa kisayansi hapa?

KijanaWaMbagala

Habari za muda huu wakuu. Naomba mnisaidie mawazo na tafadhali msimtukane mama yangu, mnitukane mimi tu.

Bimkubwa ana miaka 61, ana sukari na presha muda mrefu, anakunywa metfomini na vidonge vya presha. Juzi kati mtaani kwetu wamekuja watu na laptop wameweka meza nje ya duka, kuna kijiti cha chuma kina waya, unakishika kiganjani kama dakika moja hivi halafu wanakutolea karatasi kibao. Ya mama inasema ini limechoka, figo ya kushoto ina mafuta, damu chafu, kalsiamu imeshuka, na sijui sumu za metali mwilini. Hawajamtoboa hata kidole. Akauziwa makopo mawili ya saplimenti, unga wa mlonge na unga wa mwarobaini, na kaambiwa vidonge vya hospitali ndo vinamuua figo kwa hiyo aviache.

Na ameacha kweli. Kinachonichanganya ni kwamba anasema anajisikia vizuri kuliko zamani, analala vizuri, miguu haiwaki moto. Leo asubuhi nikaazima kimashine cha sukari kwa jirani, kabla hajala imesoma 14. Dada yangu yuko upande wa mama, anasema dawa zote za hospitali zimetoka kwenye miti, wazungu wanachukua wanatuuzia. Nikakosa la kujibu maana sijasoma hayo mambo.

Swali langu, hivi vitu vina ushahidi au ni biashara tu? Mlonge, mwarobaini, kitunguu saumu, hii mashine, vyote vya uongo au kuna cha kweli ndani yake?

MfamasiaWaKitaa

Mkuu kabla ya ushahidi tuanze na hiyo 14. Hiyo ni kabla ya kula, siyo namba ya kukaa nayo nyumbani mnabishana. Mpeleke kliniki hata kesho, na kama anakojoa sana, kiu haiishi, anatapika, anapumua haraka haraka au anasinzia sinzia hovyo, basi siyo kesho, ni sasa hivi.

Haya. Hilo la metfomini kuua figo nalisikia kila wiki pale dirishani na najua lilikotoka. Figo zikishachoka sana daktari anapunguza metfomini au anaiondoa kabisa, kwa sababu figo ndo zinaitoa mwilini na zisipofanya kazi inajikusanya. Sasa mtu akiona jirani yake kaondolewa metfomini halafu kesho yake yuko kwenye dayalisisi, yaani anasafishwa damu na mashine, anaunganisha. Kinachoua figo ni sukari yenyewe ikikaa juu miaka, na presha. Yaani mama ameacha vitu viwili vinavyolinda figo ili alinde figo.

Dada yako lakini usimbishie sana maana ana nusu ya ukweli, tena mfano mzuri ni hiyo hiyo metfomini. Asili yake ni mmea wa Ulaya unaitwa galega, watu walikuwa wanautumia zamani. Ndani yake kuna kemikali inashusha sukari, ila mmea wenyewe una sumu, kondoo wakila malishoni wanakufa. Wakemia wakatengeneza kemikali za ukoo ule ule zenye usalama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatoa matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari metfomini. Kwa hiyo ndiyo, ilitoka mtini. Ila kati ya mti na kidonge kuna kazi kubwa ilifanyika, na hiyo kazi ndo wauza makopo hawajafanya.

Mlonge kuna tafiti ndogo ndogo, zingine sukari inashuka kidogo zingine haishuki, na kila mtafiti ametumia dozi yake. Mwarobaini nyingi ni za panya na za maabara. Mboga ya mlonge ale tu, chakula kizuri. Kuacha vidonge kwa sababu yake, hapana.

Mzee_wa_Ilala

Hiyo mashine niachieni mimi 😂😂 walikuja ofisini kwetu, wakapima watu bure. Kabla hujashika kile kijiti yule dada anakuuliza jina, jinsia, umri, urefu, uzito, anajaza. Mimi kwa uchokozi nikamwambia nipime tena ila ujaze mwanamke miaka 25. Akacheka akajaza. Karatasi ikatoka inasema kizazi kina uvimbe mdogo na homoni za hedhi haziko sawa. Mimi huyu nina ndevu mpaka kifuani.

Nikamuuliza sasa hapa imepima nini, akaniambia "kaka mashine inasoma mawimbi". Haya sawa.

DaktariWaMizizi

Nyie wasomi ndo mnaotumaliza. Kila kitu chetu ni uongo mpaka mzungu aseme. Malaria inatibiwa na nini leo? Mmea. Yule mama wa Kichina Tu Youyou kapewa Nobel 2015 kwa dawa aliyoikuta kwenye vitabu vya zamani vya waganga wao, siyo maabara ya Marekani. Muhimbili pale kuna Taasisi ya Tiba Asili, mnadhani wanafuga kuku? Sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002 na Baraza lipo. Mimi natibu watu, wanapona, wanaleta ndugu zao. Mgonjwa anatoka hospitali kaambiwa hakuna dawa kanunue nje, anakuja kwangu namsikiliza lisaa lizima. Hospitali daktari hata usoni hamtazami. Halafu mnashangaa watu wanakimbilia kwetu!

Ila hao wa laptop siyo wenzetu, hao ni wafanyabiashara, tusichanganywe nao.

MfamasiaWaKitaa

Mzee wa mizizi hilo la kusikilizwa umeniweza, sina jibu, ni kweli kabisa.

Ila Tu Youyou tumsimulie mpaka mwisho maana wengi wanaishia katikati. Alikuwa anatafuta dawa ya malaria kwenye miti mingi ya kienyeji, huo mmea wa artemisia ukawa unafanya kazi leo kesho haufanyi. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, kinasema loweka kwenye maji, kamua, kunywa juisi. Hakuna mahali pa kuchemsha. Akashtuka kwamba labda moto ndo unaharibu dawa, akatoa kemikali kwa etha inayochemka joto dogo tu, na mwaka 1971 wakapata dondoo iliyoua vimelea vyote kwenye panya. Kisha wakainywa wenyewe watafiti kwanza kuona kama ina madhara, ndipo wagonjwa. Leo iko kwenye dawa mseto mnayopewa zahanati.

Sasa angalia, mganga wa zamani alikuwa sahihi, tena kwa undani, na bado ilibidi ipimwe. Na WHO, Shirika la Afya Duniani, hadi leo hawaungi mkono chai ya artemisia kutibu malaria, kwa sababu kikombe kimoja hakilingani na kingine na dawa kidogo inafundisha vimelea usugu. Mti ule ule, swali ni kiasi gani kimeingia mwilini.

Na siyo kila cha kienyeji kimefeli mtihani. Mfano choya, ile rozela ya juisi nyekundu. Utafiti wa Marekani uliotoka 2010, watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo, nusu wakapewa vikombe 3 vya chai ya rozela kwa siku, nusu wakapewa kinywaji cha kufanana rangi na ladha, wiki 6, hakuna aliyejua kapewa kipi. Wa rozela ile namba ya juu ya presha ilishuka kama 7, wa kinywaji feki ilishuka 1 na kidogo. Mnaiona hiyo 1? Hiyo ndo ile ya "nilikunywa nikajisikia vizuri". Bila kundi la pili ungeisifia hata maji ya rangi. Na mama wa mtoa mada akilala vizuri siku hizi inaweza kuwa hiyo hiyo, au ni ile tu kwamba ugonjwa unapanda na kushuka wenyewe na watu tunakimbilia dawa mpya siku umepanda.

Kitunguu saumu nacho kinashusha presha kidogo kwa wenye presha, kimepimwa. Ila vidonge vyake vilipopewa watu pamoja na dawa moja ya HIV inaitwa sakwinaviri, dawa ile kwenye damu ilipungua karibu nusu. Na ukiwa kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, damu inaweza kugoma kuganda kabisa. Kwa hiyo wanaosema "cha asili hakina madhara", kama kina nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru pia, huwezi kupata kimoja bila kingine.

DerevaMstaafu_AR

Mmenikumbusha Loliondo 2011. Nilikuwa naendesha Land Cruiser, Arusha, Mto wa Mbu, mpaka Samunge kwa Babu Mwasapile, yule mchungaji mstaafu wa kikombe cha dawa. Vumbi lile acha kabisa. Foleni unalala kwenye gari, ukifika hata kushuka hushuki, vijana wanapitisha vikombe vya plastiki dirishani, unakunywa, unarudisha kikombe, unageuza. Shilingi 500 tu, hapo Babu hakuwa na tamaa namtetea, sisi wenye magari ndo tulipiga hela.

Nilibeba kila aina ya mtu, wazee wa KKKT, mashekhe, maofisa, Wakenya kibao. Walikuwa wanaambiwa kikombe kimoja kinatibu UKIMWI, kisukari, kansa, presha na pumu. Serikali ikapima mgariga, ule mti uliokuwa unachemshwa kwa ajili ya kikombe, ikasema hauna sumu, basi watu wakasikia "serikali imesema unatibu". Hapo ndo palipoharibika, maana kutokuwa na sumu na kutibu ni vitu viwili. Kuna waliotolewa wodini wakafia njiani, na wapo walioacha ARV. Na wakati tunarudi gari zima lina furaha, wanaimba, kila mtu anasema anajisikia mwepesi. Hakuna aliyekuwa anaandika nani kapona na nani kafa baada ya mwaka. Babu mwenyewe alifariki 2021.

Wa_Nyeri

Hamjambo majirani. Sio miti shamba pekee, hata wenye makoti meupe wamewahi kutuletea kitu kama hicho. Huku kwetu 1990 KEMRI walitangaza Kemron kuwa dawa ya UKIMWI, Rais Moi akiwa mbele, na hiyo ni taasisi ya utafiti si mganga wa soko. Walikuwa wamewapa wagonjwa bila kundi la kulinganisha, wakaona wameongeza uzito na nguvu. Ilipokuja kujaribiwa vizuri na wengine, faida haikuonekana. Kwa hivyo usimuulize mtu ana digrii ama hana, muulize alilinganisha na nini.

Halafu kuna ule mti wa muiri, unaoota milimani huku Afrika, gamba lake linapelekwa Ulaya kutengeneza dawa ya wazee wenye shida ya kukojoa, tezi dume. Huo umejaribiwa na unasaidia kiasi kwa dalili. Shida ni wanaubambua mpaka unakufa, ndio maana biashara yake imewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu miaka ya 90.

KijanaWaMbagala

Asanteni sana wakuu nimesoma zote. Nimemsomea dada ile ya galega akanyamaza kidogo, halafu akasema "si nilikwambia zimetoka kwenye miti" 😅 basi nikaacha.

Mama nimemwambia tunaenda kliniki keshokutwa, kakubali kwa masharti kwamba mlonge wake asinyang'anywe. Sasa naombeni namna ya kuongea naye maana nikisema umetapeliwa inakuwa ugomvi, zile hela zilikuwa za kikoba.

MfamasiaWaKitaa

Keshokutwa mbali, fanya kesho. Usimwambie katapeliwa. Mwambie tupime tu. Omba kipimo cha HbA1c, kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, hicho hakidanganywi na kuamka vizuri. Na kipimo cha figo, kreatinini, damu ya kweli kutoka mshipani, aone mwenyewe figo zinafanyaje kazi. Mlonge abaki nao kama mboga, ila amwambie daktari, na vidonge virudi kwa maelekezo ya daktari. Akibaki na hamu ya kujua kama unasaidia, mtapima tena baada ya miezi mitatu.

Hayo makopo usiyatupe, yabebe uende nayo. Imeshatokea nchi mbalimbali "dawa ya asili ya sukari" ikapimwa ikakutwa imechanganywa na glibenklamidi, kidonge cha sukari cha hospitali, na zile za nguvu za kiume zikakutwa na sildenafili, ile dawa ya Viagra. Daktari akimrudishia dozi yake huku kopo lina dozi nyingine ya siri, sukari inaweza kuporomoka usiku na hapo ndo hatari zaidi ya hiyo 14.

Mzee_wa_Ilala

Na ile karatasi ya mashine ibebe pia, daktari naye acheke kidogo wamechoka wale.

DaktariWaMizizi

Mkimaliza kucheka mniambie kliniki gani hiyo ambayo daktari atapata muda wa kuisoma.