Kuzuru viwanda huru vya bia Ubelgiji: nianzie wapi?

Mwana_Marangu aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mwezi wa Novemba nitakuwa Antwerp kwa mafunzo ya kazi ya wiki mbili, na nitapata mapumziko ya Jumamosi na Jumapili mara mbili. Nimekulia Marangu, katika nyumba ambayo bibi yangu alipika mbege ya harusi na ya matanga, kwa hiyo tangu utotoni nimezoea kuona ulezi ukiloweshwa, ukioteshwa na kuanikwa, ndizi mbivu zikichemshwa hadi zikageuka rangi, na maganda ya mti wa msesewe yakitafutwa kwa ajili ya ule uchungu wake. Ndiyo maana bia hainivutii kama kileo tu. Kwangu ni kazi ya mikono, na ningependa kuona watu wa nchi nyingine wanavyoifanya.

Nimesoma kwamba mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lakini kila ninapotafuta maelekezo, ninakutana na orodha za bia ambazo eti kila mgeni lazima azinywe, na nyingi kati yake ni za makampuni makubwa ambayo bia zao ninaziona hata Dar es Salaam. Ninaomba msaada wenu katika mambo mawili. Kwanza, nitakitambuaje kiwanda kilicho huru kweli, kinachoendeshwa na wapikaji wenyewe? Pili, kwa siku nne na bila gari, niende wapi ili nione kazi ikifanyika, badala ya kutazama chupa zilizopangwa dirishani?

Mama_Katuba alijibu:

Mwanangu wa Marangu, karibu sana. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, na kwa miaka kumi na tisa nimeishi Anderlecht, upande wa kusini-magharibi wa Brussels. Ushauri wangu ni mmoja: usihangaike kuizunguka nchi nzima. Shika bonde la Mto Zenne, unaopita hapa Brussels, ukae hapo hadi ulielewe, kwa sababu hapo kuna bia inayoitwa lambiki, ambayo haifanani na nyingine yoyote unayoijua, na waliobaki wakiitengeneza kwa njia ya zamani ni wachache.

Mpika bia wa kawaida huchagua hamira yake na kuitia katika maji matamu ya kimea, yale ambayo ninyi Watanzania pengine mngeyaita togwa. Mpika lambiki hatii hamira yoyote. Anachanganya kimea cha shayiri na ngano ambayo haikuoteshwa, ngano hiyo ikiwa si chini ya asilimia 30, kisha anachemsha maji yake kwa saa kadhaa pamoja na maua ya hopsi yaliyohifadhiwa miaka mingi hadi uchungu wake ukapungua, kwa maana hopsi hapa inatakiwa kuilinda bia isiharibike, si kuifanya iwe chungu. Jioni maji hayo yote hupandishwa darini na kumwagwa katika sinia la shaba lenye upana wa chumba na kina kifupi, na huachwa hapo usiku kucha yapoe kwa hewa ya nje inayopita kwenye mianya ya paa. Hamira za porini na bakteria waliomo hewani huyaingia usiku huo. Kesho yake yanajazwa katika mapipa ya mbao, ambayo nayo yana wakazi wake wa miaka mingi, na humo yanachachuka kwa mwaka mmoja, miwili au hata mitatu. Mojawapo ya hamira hizo imepewa jina la jiji hili hili: Brettanomyces bruxellensis.

Kazi hiyo hufanyika tangu Oktoba hadi karibu Aprili tu, kwa sababu usiku wa kiangazi una joto, togwa huchelewa kupoa, na bakteria waharibifu hupata nafasi. Kwa hiyo Novemba yako imeangukia pazuri.

Nenda Cantillon. Ni kiwanda cha familia kilichoanzishwa mwaka 1900, kwa miaka mingi kikiwa kiwanda pekee cha lambiki kilichosalia ndani ya jiji, na unakifikia kwa miguu kutoka stesheni kubwa ya kusini mwa Brussels. Tangu mwaka 1978 kimekuwa pia makumbusho yanayofanya kazi, maana yake unapita katikati ya mapipa, mitambo na wafanyakazi. Utaona utando wa buibui juu ya mapipa. Usidhani ni uchafu, kwani buibui hawauawi pale: wao ndio wanaokula wadudu wanaofuata sukari na matunda.

Jambo ambalo ningependa ulitazame kwa makini ni uchanganyaji. Mapipa mawili yaliyojazwa siku moja hayatoki sawa, kwa hiyo bwana wa nyumba huonja moja baada ya jingine, halafu huchanganya lambiki ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu. Ile changa bado ina sukari, ile kongwe ina kina cha ladha. Zikishafungwa pamoja katika chupa nzito yenye kizibo, sukari iliyobaki huchachuka tena na kuleta povu, na hiyo ndiyo bia iitwayo gueuze. Wakiloweka cheri chachu katika lambiki wanaiita kriek. Mara ya kwanza utakunja uso, kwa maana ni chachu kama ukwaju usiotiwa sukari na ina harufu ya stoo ya zamani. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuipenda, na sasa nikipewa bia tamu naona kama nimepewa soda.

Fundi_Shayiri alijibu:

Namuunga mkono Mama Katuba kuhusu Zenne, nami nitajaribu kulijibu swali la kwanza, kwa sababu ninaishi Leuven, mji ambao ndio makao makuu ya AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani. Bia za Leffe na Hoegaarden ni zao. Picha ya abasia iliyo kwenye chupa haimaanishi kwamba kuna mtawa aliyeigusa bia hiyo. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilinunua pia Bosteels, kiwanda cha familia kinachotengeneza Tripel Karmeliet na Kwak, na mgeni anayeziona baani anaweza kuamini kabisa kwamba bado ni za familia.

Baada ya kudanganywa katika baa moja ya watalii, ambako niliuziwa kwa bei kubwa bia niliyoambiwa kuwa inapikwa mtaa wa pili, nilijifunza kusoma lebo kwa utulivu. Katika Kiholanzi cha hapa, maneno "gebrouwen door" yana maana ya kupikwa na, na "gebrouwen voor" yana maana ya kupikwa kwa ajili ya. Herufi hizo chache zina uzito, kwa sababu kuna bia nyingi zenye jina zuri na picha nzuri ambazo mwenye jina hana hata sufuria, bali ameagiza kwa kiwanda kingine. Kwa lambiki, tafuta neno "oude", au "vieille" kwa Kifaransa: Oude Gueuze na Oude Kriek ni majina yanayolindwa na Umoja wa Ulaya, na huonyesha kwamba bia ilifuata njia ya jadi. Bila neno hilo, mara nyingi utapata kinywaji kilichotiwa utamu. Kwa bia za watawa, tafuta alama ya pembe sita ya chama cha monasteri za Trappist, kilichoanzishwa mwaka 1997, ambacho hudai kwamba bia ipikwe ndani ya kuta za monasteri au jirani nazo, chini ya usimamizi wa watawa, na faida iende kwenye matunzo yao na kazi za hisani.

Hata hivyo, ndugu, nakuomba usilifanye neno "huru" kuwa kipimo pekee. Kiwanda cha Rodenbach, mjini Roeselare, kinamilikiwa na kundi la Kiholanzi la Swinkels, lakini ndani yake kuna mapipa makubwa ya mwaloni 294, na bia yake nyekundu bado inakaa humo miaka miwili kabla ya kuchanganywa. Ningekuwa mwongo kama ningekuambia kwamba kazi hiyo haina heshima kwa sababu tu hisa zimeuzwa. Upande wa pili kuna vijana wasio na karne nyuma yao lakini walio huru na makini. Brasserie de la Senne, hapo hapo Brussels, hupika Taras Boulba yenye kilevi cha asilimia 4.5 tu, kavu na chungu, katika nchi ambayo wengi walikuwa wakishindana kuongeza nguvu na utamu. Tangu mwaka 2019 wako Tour & Taxis, eneo la maghala ya zamani, na mgeni anaweza kukaa na glasi yake huku akiyaona matangi.

Msafiri_Kivu alijibu:

Nina hoja tofauti kidogo na ya Mama. Mtu akiishi Antwerp, ni hasara kuondoka bila kufika Westmalle, kwenye monasteri ya Trappist, kwa kuwa iko kilomita zisizozidi thelathini na basi linafika. Kiwandani kwa watawa hutaingia, hilo ulijue mapema, lakini mkahawa uko ng'ambo ya barabara, na bia yao ya Tripel, iliyoanza mwaka 1934 na kupata sura yake ya sasa mwaka 1956, ndiyo ambayo karibu kila kiwanda nchini humu kimeiiga. Kwa upande mwingine, Westvleteren, monasteri nyingine inayopika bia, iache. Utapoteza siku nzima njiani bila gari, na kreti zao huuzwa kwa miadi iliyofungamana na namba ya gari. Orval, monasteri nyingine tena, nayo iko mbali msituni kusini. Bahati nzuri bia ya Orval inapatikana katika baa nyingi, na zipo zinazoihifadhi miezi kadhaa kabla ya kuiuza, hivyo muulize mhudumu kama anayo changa na kongwe, uonje zote mbili. Ni chupa ile ile, lakini hamira ya porini iliyomo huendelea kuibadilisha.

Naongeza neno la tahadhari. Chupa ya Westmalle Tripel ni ya mililita 330, ndogo kuliko tulizozoea, lakini kwa asilimia 9.5 ina kilevi cha mililita 31 hivi, wakati chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25. Mgeni huhesabu chupa, mwili huhesabu kilevi. Kunywa polepole, kula jibini pembeni, na urudi kwa treni.

Mwana_Marangu aliandika tena:

Asanteni sana, mmenipa zaidi ya nilivyotarajia. Nimepanga Jumamosi ya kwanza niende Cantillon na jioni Brasserie de la Senne, Jumapili nipumzike, na wiki inayofuata niende Westmalle siku moja, na Roeselare siku nyingine iwapo wataniruhusu kuyaona hayo mapipa. Mama Katuba, nina swali moja. Bibi yangu naye hakununua hamira. Maji ya ndizi aliyaacha siku kadhaa katika chombo kile kile cha kila mwaka, na alikuwa mkali mtu akikiosha kwa sabuni. Je, naye alikuwa akifanya wanayofanya hao wa Zenne?

Mama_Katuba alijibu:

Mwanangu, naamini bibi yako na watu wa Zenne wangeelewana bila mkalimani. Chombo kisichooshwa kwa sabuni hufanya kazi ya pipa, na msesewe hufanya sehemu ya kazi ya hopsi. Lakini tofauti ni kubwa, na usikimbilie kufanana kwao ukaisahau tofauti hiyo: mbege hunyweka ikiwa hai, ndani ya siku moja au mbili tangu ichanganywe na ulezi, na ikipita hapo inaharibika. Lambiki katika umri huo bado haijawa kitu. Yeye alilazimika kuiwahi, wao wanalazimika kuisubiri, na kila mmoja ana hofu yake ya kupoteza.

Utakapofika Cantillon, usianze na gueuze. Omba kwanza lambiki tupu kutoka pipani, ambayo haina povu na imetulia kama maji, kisha ndipo uonje gueuze. Waambie wanaokuhudumia habari ya chombo cha bibi yako na ulezi uliooteshwa, kwa Kifaransa chochote ulicho nacho au kwa Kiingereza, na uwaulize pipa lao kongwe liko wapi.