Watoto wahesabu "hana, dul, set" au moja, mbili, tatu? Hii taekwondo ni ya nani hasa

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Kwenye grupu la wazazi kumewaka moto, nikaona nilete huku kwa watu wasionijua ili mniambie ukweli bila kuoneana haya.

Nafundisha taekwondo watoto kama 30 hivi hapa Tanga, uwanja wa basketi wa shule, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi asubuhi, saruji tupu na jua letu mnalijua. Mwenyewe nilianza nina miaka 14, mkanda mweusi nikaja kuupata nina 27 maana hela ya mtihani na ya cheti cha Kukkiwon (makao makuu ya taekwondo kule Seoul) kila nikiishika inaingia kwenye ada ya mdogo wangu.

Sasa tangu mwaka uanze nimebadilisha mambo matatu. La kwanza tunahesabu Kiswahili badala ya Kikorea. Nilichoka jamani, ukipiga kelele "hana!" kuna katoto lazima kaulize "hana nini mwalimu?" darasa zima chini kwa kicheko, na lile neno la kumwita mwalimu, sabum, wameshaligeuza sabuni, mtaani sasa hivi naitwa Mwalimu Sabuni. La pili ile bendera ya Korea tuliyokuwa tunaifunga kwenye nguzo ya goli na kuiinamia nimeiweka kabatini, tumebakiza kusalimiana sisi kwa sisi. La tatu ndilo lililoleta balaa, mwisho wa mazoezi kila mtoto anatunga poomsae yake (fomu, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa) ya dakika moja kwa mateke anayoyajua, akitaka anawekewa singeli kwenye simu. Singeli, si baikoko ya kukata viuno, naona kuna mzazi kaeneza uongo.

Mwalimu wangu wa zamani (simtaji) kanipigia simu, kasema nauza ngoma kwa jina la taekwondo. Mimi naona hivi: Wakorea wenyewe walifanya nini? Korea ilikuwa chini ya Mjapani kuanzia 1910 mpaka 1945. Lee Won Kuk aliyefungua shule ya Chung Do Kwan pale Seoul mwaka 1944 alijifunza karate Tokyo kwa Funakoshi, mwalimu mkubwa wa karate. Jenerali Choi Hong Hi naye karate aliitoa Ujapani. Zile fomu walizokuwa wanafanya kwenye kwan (shule) zao wakiziita Pyung Ahn ni Pinan za Okinawa, maandishi yaleyale ila yamesomwa Kikorea. Jina taekwondo limekuja 1955, ni juzi tu, babu yangu alikuwa keshaoa. Sasa wao walichukua cha watu wakakigeuza mpaka kikawa chao, hakuna aliyewaita wezi, mimi nikisema "moja mbili" ndo nimeharibu?

Kisigino
Kwa hiyo Mwalimu Sabuni leo ndo povu linatoka hahahaha

Mkanda Uliochanika
Kijana, umeisoma historia nusu. Ni kweli walichukua karate, lakini hebu angalia walichukua namna gani. Wale walikuwa wamekaa miaka kwenye ile karate kabla hawajagusa kitu. Na hawakubadilisha peke yao kwenye kiwanja cha basketi, kwan zilikaa zikabishana miaka na miaka, zikatunga fomu za Palgwe, hawakuridhika, ndipo zikaja hizi Taegeuk nane tunazozifanya leo. Kukkiwon imefunguliwa 1972. Watoto wako wana miezi mingapi?

Nakupa mfano wangu. Katikati ya Taegeuk Pal Jang, ile ya nane, pana ule mwendo wa taratibu, mkono mmoja unavuta, wa pili unapandisha ngumi mpaka kidevuni. Nilikuwa nauona upuuzi mtupu, naupitisha haraka niwahi mateke. Miaka sita. Halafu siku moja tuko kwenye mapigano mtu akanishika kola, mkono ukavuta wenyewe na mwingine ukapanda wenyewe, mimi sikufikiri kitu. Sasa ningekuwa na mwalimu kama wewe ningeitupa ile fomu mwezi wa pili nikaweka singeli.

Na Cheick Cissé wa Ivory Coast, Rio 2016, fainali ya kilo 80, yuko nyuma kwa pointi, sekunde ya mwisho kabisa anazungusha teke la kichwani na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Lile teke ni la kitabuni. Hakutunga.

Msee wa Pwani
Mzee shikamoo, lakini hapo kwa kitabu umenifanya nicheke. Mimi ni wa ITF hapa Mombasa, lile shirikisho la Choi, sisi ndio tuko na kitabu kweli, Jenerali Choi aliandika kila kitu mpaka kisigino kikae vipi, tul (fomu zetu) 24 kama masaa ya siku. Na ni yeye huyohuyo aliendelea kugeuza. Akahamia Canada 1972, baadaye akaleta hii maneno ya kupanda na kushuka kama wimbi kila ukipiga hatua, walioanza zamani wakalazimika kujifunza kutembea upya. Kulikuwa na tul inaitwa Ko-Dang, akaitoa akaweka Juche, jina la itikadi ya Korea Kaskazini, wakati alikuwa anajisogeza kwao. Siasa tupu bana! Miaka ile alipofariki, 2002, ITF ikapasuka vipande na kila kipande kinasema ndicho chenyewe. Sasa kama mwenye shamba mwenyewe alikuwa anang'oa na kupanda, huyu wa Tanga tunamshika shati ya nini.

Lakini mleta mada kwa kuhesabu siko na wewe. Kwa class yetu kuna Mdigo, Mluo, Msomali, Mhindi na Mkamba mmoja mbishi sana. Kikorea si cha mtu yeyote hapo, wote ni wageni sawa, hakuna wa kumcheka mwenzake vile anatamka.

Mama Wawili
Mimi sipigi teke hata moja ila binti yangu ana miaka 11 yuko klabu huku Unguja, kwa hiyo nasema kama mzazi. Baba yake alikataa katakata mtoto kuinamia bendera, kwake kuinama ni kwa Mungu peke yake. Wengine waliona anazidisha. Mwalimu hakubishana naye, alimwambia mtoto aweke mkono kifuani wenzake wakiinama, yakaisha siku hiyohiyo na hakuna aliyefeli mtihani kwa hilo.

Na kwenye mavazi, mlimuona Kimia Alizadeh Rio 2016? Mwanamke wa kwanza wa Iran kupata medali ya Olimpiki, kofia ya kujikinga juu na hijabu ndani yake, akapata shaba. Wairani wana makocha wao na wamekuwa wakiwatoa jasho Wakorea miaka mingi sana, Hadi Saei ana dhahabu mbili, 2004 na 2008. Mimi hapo ndo naona watu wameifanya yao. Teke ni lilelile, anayelipiga ndo yule wa kwao.

Ila kaka hiyo singeli hapana jamani, mwanangu akirudi nyumbani anakata viuno kwa jina la taekwondo mimi na baba yake tutakuja Tanga kwa miguu.

Goti Bovu
Nina miaka 46, mkanda mwekundu, goti la kulia limefanyiwa upasuaji. Teke la kuzunguka siwezi tena na hakuna wa kunirudishia. Ninachofanya ni yop chagi (teke la ubavu) ya chini, kiunoni, sana sana ya paja, na nimekaa nayo miaka minane hiyo moja mpaka vijana wanaogopa kunisogelea. Kwenye karatasi sijabadilisha kitu. Anayeniona lakini anajua ni mimi hata nikiwa nimevaa kofia. Sasa hii ni yangu au ya Wakorea? Sijawahi hata kujiuliza mpaka niliposoma huu uzi nikiwa kwenye daladala.

Halafu mnamsahau Chuck Norris. Alikwenda Korea kama mwanajeshi wa anga wa Marekani, akajifunza Tang Soo Do, sanaa nyingine ya mapigano ya Kikorea, akarudi akaja kuanzisha mtindo wake mwenyewe. Sisi kwenye kibanda cha video tulikuwa tunajua ni karatee tu.

Kisigino
Mtindo wa Chuck Norris unafundishwa na ndevu

Nimetoka Mahama
Samahani naandika kirefu kidogo. Mimi ni Mrundi, niliishi kambi ya Mahama kule Rwanda, sasa niko Canada. Mahama ndiko alikotoka Parfait Hakizimana, mkono mmoja uliharibiwa kwa risasi akiwa mtoto Burundi, kambini akafundisha wenzake taekwondo, na 2021 akaenda Paralimpiki ya Tokyo kwenye timu ya wakimbizi. Mchezo wa walemavu wa mikono umebadilishwa kabisa, pointi ni teke la kifuani tu, kichwa marufuku. Fikirini, sanaa ambayo jina lake lenyewe lina ngumi ndani yake, na ngumi haihesabiwi! Hakuna aliyesema hiyo si taekwondo. Kwa hiyo kubadilisha kunawezekana, mleta mada usiogope.

Lakini nataka nikueleze jambo moja. Nilipofika huku sikuwa na Kiingereza, baridi, sina rafiki, wiki ya tatu nikaona mtaani kibao kina mtu anapiga teke. Nikaingia. Mwalimu mzungu, wanafunzi Wafilipino, Waarabu, sijui nani. Akasema charyot, nikabana miguu. Akasema kyungnye, nikainama. Junbi, sijak. Hana, dul, set. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege mtu alisema kitu nikakielewa kabla jirani yangu hajakielewa. Nililia huku napiga mateke, wakafikiri ni jasho. Ukihesabu moja mbili tatu watoto wako wataipenda sana hapo Tanga, ila siku mmoja akijikuta mbali kama mimi, atasimama tu pale mlangoni anashangaa.

Mkanda Uliochanika
Huyo wa Mahama kanimaliza. Sina la kuongeza kwenye kuhesabu. Kwenye singeli ninalo.

Msee wa Pwani
Mzee hata hiyo singeli umechelewa, kwa mashindano ya dunia ya poomsae siku hizi kuna kitengo cha kujitungia, tena na muziki, ukumbi mzima unapiga makofi. Na Jhoon Rhee, mwalimu Mkorea wa taekwondo, alikuwa anafanya fomu na muziki huko Washington zamani. Kama shida ni mdundo wa Kiswahili sema tu.

Mkanda Uliochanika
Wanaoingia kile kitengo wana dan, ngazi ya mkanda mweusi, kijana. Wamekula chumvi ya fomu kwanza. Mbona hilo hulisemi? Na tukianza kushangilia kila jipya tutaishia kama kwenye mapigano, tangu zilipoingia vesti za sensa, London 2012 mliziona wenyewe kwenye Olimpiki, mtu anasimama mguu mmoja hewani anapapasa kama korongo aliyekwama tope, akigusa kidogo sensa inalia. Tena vesti za London zilikuwa za kampuni ya Hispania. Dunia imeifanya yake, na teke limekufa.

Mleta mada
Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Ile ya Mahama nimemsomea mke wangu, akaniambia turudishe hana dul set hata kesho. Nitarudisha. Kelele za "hana nini" nitazivumilia, na usabuni naona ndo basi tena, umeshaniganda. Bendera itabaki kabatini, hapo Mama Wawili amenipa nguvu, atakayetaka kuinama ainame na atakayeweka mkono kifuani aweke.

Singeli siitoi. Ila mzee umenishika kwenye jambo moja, ni kweli niliwaruhusu watunge kabla hawajamaliza hata Taegeuk tatu, nilitaka wasichoke waache kuja, maana wakiacha na ile elfu mbili ya mwezi inaacha. Kuanzia sasa anayetunga ni aliyefika ya nne. Kuna kadada kana miaka tisa kako ya pili tu na kalikuwa kanatunga kuliko wote, hapo sijui nitakaambiaje.

Mkanda Uliochanika
Hako kamoja kaache katunge. Mwezi ujao nina safari ya Tanga kwenye msiba wa shemeji, Jumamosi nitapita hapo nikaone.

Mleta mada
Karibu sana mzee wangu, na poleni na msiba. Uje kabla ya saa tatu, baada ya hapo saruji inaunguza nyayo.