Tamthilia ya mapenzi ya kale ya Unguja: inaweza kuuza kama Sultan? Naombeni ushauri

FundiWaMarinda
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nipo Mbagala. Naomba mnishauri bila matusi, maana hapa nilipo usingizi sipati.

Tuko sita, tuna kikundi cha sanaa. Tumeandika tamthilia ya Bibi Salme binti Said, yule binti wa Sultani wa Unguja aliyempenda Mjerumani Heinrich Ruete, akashika mimba, akatoroka Agosti 1866 kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Vipindi 26. Wazo lilinijia enzi zile chaneli ya Azam Two wanarusha Sultan, ile tamthilia ya Kituruki, kwa Kiswahili. Saa yake ikifika wateja walikuwa wanaacha kupimwa wanakimbilia kwenye TV, kesho yake wananiletea kitambaa, "nishonee kama la Hurrem", yule mke wa Sultani Suleiman. Nikawaza, sisi tunaye binti mfalme wetu, kaandika kitabu cha maisha yake kwa mkono wake, mbona tunashona za Hurrem tu?

Swali langu: tamthilia ya mapenzi ya zamani ina soko hapa kwetu, au watu watasema ni mambo ya kizee? Nahitaji majibu kabla ya tarehe 14 Desemba. Nawasilisha.

Mzee wa Gerezani
Soko lipo, binti yangu, hapo usiwe na wasiwasi. Hiyo Sultan kwao Uturuki inaitwa Muhteşem Yüzyıl. Ilianza Januari 2011 ikaisha Juni 2014, vipindi 139. Mwandishi aliyeianzisha, Meral Okay, alifariki Aprili 2012 na kazi ikaendelea. Meryem Uzerli aliyekuwa Hurrem akaondoka 2013, wakamweka mwingine, watu wakanuna lakini wakaendelea kuangalia. Mwanzoni kabisa mamlaka ya utangazaji ya kule ilipokea malalamiko zaidi ya 70,000, kwamba Sultani Suleiman anavunjiwa heshima. Mwaka 2012 Erdoğan, akiwa Waziri Mkuu, akasema Suleiman wanayemjua wao alikaa miaka 30 juu ya farasi. Watu hawakuacha kuangalia.

Sasa ukiitazama kwa makini, farasi ni wachache. Muda mwingi tuko vyumbani: mama mkwe, mke mkubwa, mke mdogo, barua imefichwa, mlango unafunguliwa hujui nani anaingia. Chumba kimoja kinakupa vipindi kumi. Ndiyo maana ilishika hata watu wasiojua Uturuki iko upande gani. Andikeni vyumba.

Mama Zawadi
Umenikumbusha mbali jamani. Mama mkwe wangu alikuja kutibiwa macho akakaa kwetu miezi minne. Tulikuwa hatuongei zaidi ya shikamoo na marahaba. Siku Ibrahim Pasha, yule waziri mkuu wa Suleiman, ananyongwa alinishika mkono, mara ya kwanza tangu niolewe, na nilikuwa na miaka sita kwenye ndoa. Kuanzia hapo tukawa tunakaa mkeka mmoja, jicho lake moja lina bandeji, mimi namsimulia picha: sasa anainama, sasa Hurrem kageuka, kavaa kijani. Alifariki mwaka jana. Fanyeni dada, mie nitaangalia.

Ustadh wa Tandika
Naomba kutofautiana na waliotangulia. Mnataka kuwafundisha nini mabinti? Kaacha ndugu, kaacha dini, kabatizwa Aden, kaolewa Mei 1867. Mwaka 1870 bwana kafa kwa ajali ya tramu Hamburg, kaachwa ugenini na watoto watatu wadogo. Hayo ni mapenzi au ni maonyo? Tena kwenye majumba yale kulikuwa na watumwa. Soko la watumwa Unguja limefungwa 1873. Mtamwonyesha binti analia kwa mapenzi, na aliyembebea maji ya kuoga atalia kwa nani?

FundiWaMarinda
Ustadh, hilo la watumwa tumelijadili sana. Kipindi cha kwanza kinaanza na kijakazi, siyo na Salme. Yeye ndiye anayebeba siri, na yeye ndiye asiye na meli ya kumtorosha.

Bint Shangani
Mie niko Unguja, na hapo umenigusa. Miye naomba moja tu: msituharibie. Nimeshaona watu wanakuja na kamera, wanasema "miaka ya 1860", wanapiga picha mbele ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Beit al-Ajaib imejengwa 1883, Salme keshaondoka zamani. Na wasimvishe mtu kanga yenye jina. Kanga za maneno zimekuja baadaye sana. Wakati ule mtu wa kawaida ni kaniki na merikani. Inasimuliwa kwamba usiku alioondoka ulikuwa wa Siku ya Mwaka, wanawake wanaposhuka pwani kuoga, ndiyo akapata kupita. Hiyo pwani iwe na watu wengi, taa za mafuta, nyimbo. Mkiifanya na waigizaji wanne itauma.

FundiWaMarinda
Da Bint Shangani, Beit al-Ajaib haimo hata kwa mbali. Majumba ya enzi zile mengine yalipigwa mizinga 1896, Mtoni yamebaki magofu, kwa hiyo ndani tumechukua nyumba ya mtu Bagamoyo.

Mbeba Boksi Manchester
Hiyo ya nje hapa ndani kule ni sahihi kabisa. Huku karibu nami kuna Lyme Park, ndiyo nyumba ya Bwana Darcy, yule mpenzi mwenye mali, kwenye Pride and Prejudice, tamthilia ya mapenzi ya kale ya BBC, 1995, vipindi sita. Nje ni Lyme, ndani walikwenda Sudbury Hall, jimbo jingine. Mtazamaji hashtuki. Mpaka leo watu wanakuja kuliangalia lile ziwa alilojitosa Darcy. Ila umesema "tumechukua nyumba". Mmeshaanza kupiga picha? Mbona juu umeuliza kama mfanye au msifanye?

Kitwana
Na mimi nauliza: tarehe 14 Desemba kuna nini?

FundiWaMarinda
Ni tarehe tu ya kikundi. Tusitoke kwenye mada.

Kitwana
Kikundi gani, cha sanaa? Dada, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya soko la tamthilia. Sema tukusaidie.

FundiWaMarinda
Sawa. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, akina mama 25. Tarehe 14 tunavunja kikoba tugawane. Nilichukua shilingi 3,850,000. Vitambaa na nyuzi 1,900,000, kukodi kamera siku tatu 900,000, boti na malazi ya watu sita 750,000, kibali na chakula 300,000. Kila senti imeandikwa. Kipindi cha kwanza kimekamilika na nguo 31 zipo dukani kwangu zimetundikwa. Kuna mtu wa kituo kimoja cha TV amesema tukimpelekea vipindi vitatu tutaongea biashara. Kwa hiyo sijaiba, nimeazima. Nilichotaka kujua ni kama soko lipo, kwa sababu kama lipo basi nikope mahali nimalizie viwili, pesa irudi yote na faida.

Mama Zawadi
Innalillahi.

Mwenyekiti Tabata
Nimeongoza vikoba miaka 11 na hili limenipandisha presha. Mdogo wangu, mwaka mmoja kwetu mweka hazina alifanya hivihivi, yeye ilikuwa kuku wa nyama. Kuna mama alikuwa anategemea mgao amlipie mtoto ada ya kidato cha kwanza. Alikaa nje ya geti la shule na sanduku la bati mpaka saa tisa alasiri. Mimi ndiye niliyemfuata. Kuazima ni pale mwenye mali anapojua. "Tutaongea biashara" siyo mkataba. Hata akisaini kesho, vituo havilipi siku hiyohiyo. Usikope tena hata mia.

FundiWaMarinda
Dada nakuelewa, ila kuku wanakufa. Nguo hazifi. Hii kazi ikitoka hata hao akina mama watajivunia.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnapoteza muda, hii ni chai. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mweka hazina peke yake hawezi kulifungua. Anafungua vipi atoe karibu milioni nne, watu 25 wasijue? Huyu anaandika simulizi, anataka mjaze kurasa akatunge kitabu. Jana binti mfalme, leo kikoba, kesho atasema yeye ni kitukuu cha Salme.

Mbeba Boksi Manchester
Hata mimi nilianza kuhisi. Hesabu imetimia vizuri mno.

Kitwana
Hesabu ya fundi lazima itimie, anaishi kwa kupima. Lakini hoja ya kufuli ni nzito. Mleta uzi jibu.

Bint Shangani
Mie nampima kwa njia nyengine. Kama nguo 31 umezishona kweli, niambie barakoa umeifanyaje.

FundiWaMarinda
Barakoa ni atlasi nyeusi, ndani nimeweka kitambaa cha pili cha pamba ili isiteleze usoni. Katikati, juu ya pua, kuna kijiti. Cha kwanza nilitumia mwanzi nikauchonga, ukamkwaruza msichana wetu mpaka akapata alama, tukasimamisha kazi saa mbili tunampaka mafuta ya nazi. Nikabadilisha nikaweka ukuti nilioulainisha kwa kuuloweka. Kando nimetarizi kwa mkono, uzi wa dhahabu ukipita kwenye cherehani yangu unakatika. Matundu ya macho niliyakata madogo kwanza, dairekta akasema macho hayaonekani na mapenzi yote yako kwenye macho, nikayapanua nusu inchi. Suruali ya marinda imekula mita nne, marinda yenyewe yanaanza juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nilishona usiku, mchana ni sare za shule.

Bint Shangani
Huyu kashona. Mtu hawezi kuubuni ukuti ulioloweshwa.

Jicho la Tatu
Nguo nakubali. Kufuli bado.

FundiWaMarinda
Sanduku tuliliacha mwaka juzi, baada ya mwenzetu mmoja kuvunjiwa nyumba. Pesa ziko kwenye laini ya simu ya kikundi. Namba ya siri ina tarakimu nne, mimi nashika mbili za mwanzo, wifi yangu mbili za mwisho. Juni alilazwa kujifungua, akaniachia zake nimtolee mkopo mwanachama mmoja. Hakuzibadilisha. Yeye hajui kitu mpaka leo. Namwogesha mtoto wake kila Jumapili.

Mzee wa Gerezani
Kumbe. Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo. Tarehe 14 wakifungua laini, watakaosimamishwa mbele ni wawili, na mmoja wao amebeba kichanga asijue anaulizwa nini.

Ustadh wa Tandika
Dada, mimi nilikusema juu ya Salme, naomba unisamehe kama nilikuwa mkali. Kijakazi wako wa kipindi cha kwanza, yule anayebeba siri asiye na meli. Umemwandika vizuri. Naona ni wifi yako.

FundiWaMarinda
Ustadh umenichoma.

Mwenyekiti Tabata
Sasa tufanye kazi. Umebaki na wiki tatu. Nguo 31 za kifahari ziko zimetundikwa. Huu ni msimu wa harusi. Zikodishe, watu wa singo na kitchen party wanatafuta nguo za namna hiyo usiku na mchana. Hazitafika milioni nne, lakini ukienda kwa akina mama na laki nne mkononi na mpango wa maandishi, si sawa na kwenda mikono mitupu.

FundiWaMarinda
Nguo za Salme kwenye kitchen party, zimwagiwe soda? Hapana dada. Tuna kipindi cha pili kupiga, Salme akiwa mtoto anajifunza kuandika kwa siri kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Mfupa tumeshaupata, wa ng'ombe lakini mkubwa.

Bint Shangani
Joho moja likiingia doa la soda litafuliwa. Mie nina mdogo wangu anaolewa tarehe 6, nakodi mawili, la kijani kama lipo. Nalipa kabla. Na kibali chenu cha BASSFU, baraza la sanaa na filamu la huku Zanzibar, kiangalie kina tarehe gani, visije vikapigwa vipindi viwili vilivyobaki kibali kimekwisha.

Jicho la Tatu
Mimi nilikuita mwongo, nimerudi. Usimpigie mwenyekiti wa kikoba chenu kabla hujamwambia wifi yako. Akiisikia kwa mtu mwingine, hapo ndipo utampoteza.

FundiWaMarinda
Nimewasoma wote. Nilikuwa nimeshaamua kwenda kukopa kesho asubuhi, fomu ninayo, nimeshajaza jina. Bado nadhani soko lipo na sijutii hata nguo moja. La kijani lipo, Bint Shangani, kifuani lina nyuzi mbili zimefumuka, nazirudishia usiku huu.

FundiWaMarinda
Nimetoka kwa wifi. Nilimkuta ananyonyesha. Nilimwambia yote, nikamwonyesha daftari. Hakusema neno. Alimlaza mtoto, akachukua simu, akabadilisha tarakimu zake mbili mbele yangu. Halafu akauliza mwenyekiti wa kikoba anaamka saa ngapi.