Kikundi cha ukoo: Kumtafuta bibi wa Nebraska

Rehema (Lincoln): Shikamoo shangazi. Wengine hamjambo? Watoto wanataka kujua asili ya bibi wa babu yake baba yao, yule aliyehamia huku Nebraska, Marekani, miaka ya 1870 kwa gari la ng'ombe. Tulicho nacho ni jina lake la ndoa tu.

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu. Kwao hakujulikani kabisa? Idrisa, wewe mtu wa nyaraka, msaidie dada yako.

Idrisa: Rehema, una sensa ya 1880? Ya 1870 inataja majina na umri, lakini haisemi nani ni nani kwa nani. Uhusiano na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa 1880. Soma kaya yote mpaka mstari wa mwisho. Ukikuta mzee ameandikwa mama mkwe wa mume, jina lake la ukoo huenda ndilo la kwao bibi, ila kama naye aliolewa mara ya pili.

Rehema: Ninayo. Mama mkwe hayumo. Nimeikosa ya 1890.

Idrisa: Hiyo achana nayo, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington, Januari 1921. Heri yenu Nebraska ilifanya sensa nyingine 1885. Kisha nenda 1900: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, watoto aliozaa na waliobaki hai.

Juma (Mwanza): Hapo kwenye miaka ya ndoa msipite haraka. Akiandikiwa miaka 22 na mtoto mkubwa ana 27, basi ama mtoto ni wa mke wa kwanza, ama bibi aliwahi kuolewa kabla. Wajane waliooana upya walikuwa wengi. Ukikosea hapo unafuata ukoo wa mtu mwingine kabisa.

Rehema: Jina la ukoo nalo kila sensa limeandikwa vingine.

Juma: Acha nafasi ya jina la ukoo wazi. Tafuta kwa jina la kwanza, umri kwa kupishana miaka mitatu hivi, jimbo alikozaliwa na kaunti. Halafu wenzetu wa zamani waliandika s mbili, ya kwanza ikiwa ndefu kama f, kwa hiyo "Ross" ameingizwa "Rofs".

Idrisa: Lakini mimi moyo wangu uko kwenye jalada la ardhi. Sheria ya Marekani ya 1862 ilitoa ekari 160 za bure kwa atakayekaa na kulima miaka mitano. Mwanamke asiye na mume, mjane au aliyeachika, akiwa na miaka 21, aliruhusiwa kuomba kwa jina lake. Mume akifa kabla ya miaka kutimia, mjane alimalizia, na hati hutoka ikimtaja kuwa ni mjane wa fulani. Mumewe alifariki lini?

Rehema: 1885 bibi ameandikwa mjane.

Idrisa: Basi tafuta hati kwa majina yote mawili, la mume na la bibi. Hati yenyewe ni ukurasa mmoja, haina mengi. Chukua humo jina la ofisi ya ardhi, namba ya cheti cha mwisho (cha kutimiza masharti), na eneo kama lilivyopimwa: robo gani, sehemu namba ngapi, safu gani. Kwa hayo unaomba jalada zima Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Ya Nebraska yamepigwa picha, yanasomeka mtandaoni. Ndani utakuta ukubwa wa nyumba, milango, madirisha, kisima, ekari zilizolimwa, watoto wangapi, na siku ngapi alikuwa hayupo shambani.

Shangazi Tatu: Na jina la baba yake?

Idrisa: Hilo halimo, shangazi. Kuna mashahidi wawili, majirani walioapa kwamba kweli alikaa pale. Watu walihama na ndugu zao, jirani mara nyingi ni kaka mtu. Chukua kila shahidi, mtafute sensa ya 1860 akiwa kijana nyumbani kwao. Kama kwenye kaya hiyo yumo binti mwenye jina la kwanza la bibi, umri wake na jimbo lake, hapo mna wazazi wa kufuatilia.

Juma: Mkishapata jina, ithibitisheni kwa kitabu cha ndoa cha kaunti ya kwao bi harusi. Wengi hutafuta kaunti walikohamia, hawaoni kitu. Cheti cha kifo kiwe cha mwisho: Nebraska ilianza kuviandikisha kwa jimbo zima 1904, na anayetoa maelezo huwa mkwe asiyemjua hata mama wa marehemu. Na miti ya ukoo ya mtandaoni isiyo na karatasi nyuma yake msinakili, wananakiliana kosa lile lile.

Shangazi Tatu: Ardhi hiyo ya bure ilikuwa ya nani kabla?

Idrisa: Swali zuri. Inategemea kaunti. Maeneo ya kati yalikuwa ya Wapawnee, wenyeji wa asili wa huko; waliobaki walihamishiwa Oklahoma ya leo miaka ya 1870. Watoto waambiwe na hilo.

Rehema: Nimeiona hati! Kwa jina la bibi, "mjane wa".

Idrisa: Safi. Ukifungua jalada, anza kututumia ukurasa wa mashahidi.